Mizani ya Pamba na Kompyuta ya Kukodi: Nani Anashika Daftari?



Msimu wa pamba ukikaribia, ofisi za AMCOS hapa Simiyu hupata wageni wa kila aina. Wapo wauza viuatilifu, wapo wa mbegu, wapo wa mikopo. Miaka ya karibuni wameongezeka wageni wengine: vijana wenye kompyuta mpakato wanaosema, "Tutawatengenezea mfumo." Kwa mfumo huo karani ataingiza kilo za kila mkulima kwenye simu, mkulima atapata ujumbe hapo hapo, na mwenyekiti ataona jumla ya siku hata akiwa nyumbani. Ukiwauliza kompyuta ya kuendesha mfumo huo itakaa wapi, wanajibu kwamba haitakaa Bariadi wala Dar es Salaam. Itakodiwa kwenye "wingu", katika jukwaa jipya la kampuni ya nje, na kwa kuanzia gharama yake ni ndogo au hakuna kabisa.

Swali linaloulizwa kwenye vikao ni moja: tukubali au tukatae? Mimi naona swali hilo tumelirukia. Kabla yake kuna lingine ambalo wazee wetu wa Usukumani walishalijibu zaidi ya miaka 70 iliyopita, nalo ni hili: kilo zikishaandikwa, daftari linabaki mikononi mwa nani? Makala hii inafuata historia ya swali hilo, kuanzia mizani ya pamba hadi kompyuta ya kukodi, na mwishoni nimeweka masharti ya kumpa huyo kijana kabla hamjatia saini.

Mizani ilipokuwa ya mnunuzi

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kilimo cha pamba kilipanuka haraka katika Jimbo la Ziwa, ambalo ndani yake ilikuwemo nchi yetu hii ya Bariadi, Maswa na Meatu. Wanunuzi walikuwa wenye jinari na mawakala wao. Mkulima alibeba pamba yake hadi kwenye kituo cha kununulia, na pale kila kitu kilikuwa cha mnunuzi: mizani yake, karani wake, daftari lake. Mkulima alielezwa kilo, akapewa fedha, akaondoka. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa mengi, lakini malalamiko bila kipimo cha pili ni maneno tu. Ukisema ulileta kilo 60 na daftari linasema 52, daftari ndilo lililoshinda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima na wafanyabiashara Waafrika wa Jimbo la Ziwa walianza kufanya jambo dogo lenye akili kubwa. Waliweka wapimaji wao wenyewe. Pamba ilipimwa kwanza na mpimaji wa wakulima, ndipo ikaenda kwenye mizani ya mnunuzi. Kwa hiyo mkulima alifika mbele ya karani akiwa tayari na namba yake mkononi.

Angalieni vizuri walichokifanya. Hawakuanza kwa kujenga jinari. Fedha ya jinari hawakuwa nayo. Hawakuigomea mizani ya mnunuzi wala hawakuacha kulima. Waliendelea kutumia vifaa vya mwingine, ila waliongeza kumbukumbu ya pili iliyokuwa ya kwao. Kutokana na juhudi za namna hiyo, chini ya viongozi kama Paul Bomani wa Mwanza, vyama vya msingi vilienea vijijini, na mwaka 1955 vikaungana na kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililojulikana kwa kifupi cha VFCU. Kufikia wakati wa uhuru, shirikisho hilo lilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika, na jinari nazo lilikuwa limeshaanza kuzimiliki.

Yaliyofuata mnayajua, na wengine wenu mliyaona. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na ununuzi wa mazao ukawa mikononi mwa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha vyama. Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa kampuni binafsi. Katika mabadiliko yote hayo mizani ilipita kwenye mikono tofauti, na kila mara mkulima aliyekuwa na stakabadhi yake alikuwa na pa kuanzia kudai.

Kompyuta ilipokuwa mali ya wizara

Paul Bomani alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa nchi yetu kuanzia mwaka 1962 hadi 1965. Mwaka huo huo wa 1965 ndipo kompyuta ya kwanza nchini ilipofungwa, na ilifungwa katika Wizara ya Fedha. Kompyuta za enzi hizo hazikuwa kitu cha kuweka mezani. Zilihitaji chumba chake chenye ubaridi, umeme usiokatika, wataalamu wa kuzihudumia, na fedha nyingi za kigeni kuzinunua na kuzitengeneza.

Kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta haikwenda vizuri. Hasara na usumbufu vilikuwa vikubwa, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Katazo hilo lililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, na miaka ya 1990 likawa limekwisha.

Vijana wakisikia habari hiyo hucheka, lakini haikuwa ya kuchekesha. Nchi ilikuwa na fedha chache za kigeni, na mashine iliyonunuliwa kwa fedha hizo ilikuwa inazila bila kutoa hesabu sahihi. Tatizo la wakati ule lilikuwa kwamba kompyuta ilinunuliwa nzima nzima. Ukiitaka, uilipe yote, hata kama kazi yako ni ya saa 2 kwa siku. Ikikushinda, imekushinda ikiwa ndani ya nyumba yako.

Ni sawa na kumwambia mama mwenye debe 1 la mahindi kwamba akitaka unga lazima anunue mashine ya kusaga.

Mashine ya kusaga ya dunia

Hapa Bariadi hakuna anayenunua mashine kwa ajili ya debe 1. Unapeleka mahindi kwa mwenye mashine, unalipa kwa debe, unarudi na unga. Mwenye mashine ndiye anayehangaika na umeme, mkanda na fundi. Kompyuta za wingu ni hivyo hivyo. Jina "wingu" linadanganya kidogo, maana hakuna kinachoelea angani. Ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta maalumu ziitwazo seva, yenye walinzi, majenereta na mitambo ya kupoza hewa. Mwenye majumba hayo anakukodisha kipande cha kazi ya kompyuta, na wewe unalipa kadiri unavyotumia.

Biashara hii kwa sura yake ya leo ilianza mwaka 2006, kampuni ya Amazon ya Marekani ilipoanza kuwakodisha watu wengine huduma za kompyuta: mwezi Machi ilianza kukodisha sehemu ya kuhifadhia mafaili, na Agosti ikaanza kukodisha kompyuta zenyewe kwa saa. Aliyekodi alipata kompyuta tupu. Ilibidi aipange mwenyewe, aweke programu, azibe matundu ya wezi, aiangalie usiku na mchana. Ni kama kukodishiwa mashine bila mwendeshaji.

Kwa hiyo hatua ya pili ilikuwa kukodisha mashine pamoja na mwendeshaji. Kampuni ndogo iitwayo Heroku ilianza kazi hiyo mwaka 2007. Mwezi Aprili 2008 Google nayo ilizindua jukwaa lake liitwalo App Engine. Hapa mtengeneza programu hakushughulika na seva kabisa. Aliandika programu yake, akaipeleka kwa Google, na Google ikaiendesha. Watu 100 wakiingia, inaendeshwa. Wakiingia 100,000, jukwaa linaongeza nguvu lenyewe. Mwanzoni nafasi zilitolewa kwa watengenezaji 10,000 wa kwanza, tena bure, kila mmoja akipewa nafasi ya kuhifadhi data ya megabaiti 500.

Fikirini maana yake. Kitu ambacho mwaka 1974 kilikuwa kikubwa kupita uwezo wa hazina ya nchi, mwaka 2008 kijana mmoja alikipata bila kulipa hata senti. Ndiyo sababu leo kijana wa Lagangabilili au Mwanhuzi anaweza kusimama mbele ya bodi ya AMCOS na kusema, "Nitawatengenezea mfumo," na akawa anasema kweli.

Afrika Mashariki haikubaki nyuma

Majirani zetu Wakenya walionyesha mapema uwezo wa programu za mtandaoni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya iliingia kwenye machafuko. Januari 2008 wataalamu na wanaharakati wachache, wakiwemo Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, walitengeneza kwa siku chache tu programu ya mtandaoni iliyopokea taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Waliipa jina la Kiswahili: Ushahidi. Baadaye programu hiyo ilitumika katika nchi nyingi duniani. Mwaka 2010 wakaongeza huduma iitwayo Crowdmap, ambayo mtu yeyote angeweza kuanzisha ramani yake bila kuwa na seva wala fundi. Waliokuwa wapangaji kwenye kompyuta za wengine wakawa nao wanapangisha.

Wakati huo njia ya kwenda huko kwenye seva ilikuwa nyembamba na ghali, kwa kuwa intaneti yetu ilipitia setilaiti. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi na kufika Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja mkongo wa EASSy. Mkongo wa Taifa nao ukasambazwa kwenda mikoani. Bila nyaya hizo, wingu lingebaki hadithi ya watu wa mjini.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mlipoanza kutumia simu kutuma fedha mlikuwa mmeshaanza kuweka daftari lenu kwenye kompyuta ya mbali. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na ikaanza kwetu Tanzania mwaka 2008. Kwa miaka mingi seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani. Mama wa Kisumu alimtumia mwanawe shilingi 200 mtaa wa pili, na taarifa ya muamala ikasafiri hadi Ulaya na kurudi. Mwaka 2015 seva hizo zilihamishiwa Kenya, na mwenye huduma alieleza kuwa lengo lilikuwa kuongeza kasi na uhakika.

Mtumiaji wa kawaida hakuhisi kuhama huko, kwa sababu mbili. Kwanza, mwenye huduma alikuwa na uwezo wa kuhama: alikuwa na kumbukumbu zake zote na wataalamu wa kuzihamisha. Pili, mteja alikuwa na ujumbe wa muamala kwenye simu yake. Ule ujumbe mfupi wenye namba ya muamala ni mpimaji wa pili, yule yule wa miaka ya 1950. Ndiyo maana ukikosea namba unaambiwa usifute ujumbe.

Jukwaa linapobadili bei au kufunga mlango

Sasa tufike kwenye upande ambao vijana wetu huusahau wanapoeleza uzuri wa jukwaa jipya. Mwenye mashine anaweza kupandisha bei, na pia anaweza kuuza mashine au kufunga duka. Majukwaa ya kompyuta yameshafanya yote hayo.

Programu iliyoandikwa kwa ajili ya App Engine ya mwanzo ililazimika kufuata taratibu za Google, na data zake zilikaa kwenye hifadhi ya aina ya Google. Kuihamisha kwenda kwingine kulikuwa kazi nzito. Ni kama umeshonewa magunia yanayoingia kwenye stoo moja tu ya Bariadi. Mwaka 2011 Google ilibadilisha namna ya kutoza, na baadhi ya watengeneza programu waliona bili zao zikipanda mara kadhaa. Waliokuwa na magunia ya kawaida wangeweza kutafuta stoo nyingine. Wao walibaki kulipa au kuandika upya.

Jukwaa jingine liliitwa Parse. Lilipendwa sana na watengenezaji wa programu za simu kwa kuwa lilirahisisha kuhifadhi data. Facebook ililinunua mwaka 2013. Mwezi Januari 2016 ikatangaza kwamba italifunga, na Januari 2017 likafungwa. Kwa haki, waliwapa wateja mwaka mzima wa kuhama, na wakaachia programu yenyewe ili mtu aiendeshe kwenye seva yake. Aliyekuwa na mtu wa kuhamisha data alihama. Aliyekuwa ametengenezewa mfumo na kijana ambaye simu yake haipatikani tena, mwaka mzima ulipita na hakuwa na la kufanya.

Heroku nayo, baada ya kununuliwa na kampuni ya Salesforce mwaka 2010, iliendelea kwa miaka mingi kutoa huduma ya bure ambayo wanafunzi wengi duniani walijifunzia kazi. Novemba 2022 huduma hiyo ya bure iliondolewa. Aliyetaka kubaki alilazimika kulipa.

Siwalaumu hao wenye majukwaa. Biashara ni biashara, na hata mwenye mashine ya kusaga akipandisha bei ya debe hakukosea. Ninachosema ni kwamba "bure" ni bei ya leo tu. AMCOS inapanga mambo ya miaka 10, na jukwaa jipya huenda lenyewe halijui litakuwa wapi miaka 3 ijayo.

Kuna na waya wenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika baharini karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Kwa siku kadhaa intaneti ilikuwa ya kusuasua nchi nzima. Mei ndio mwezi ambao msimu wetu wa kununua pamba huwa unafunguliwa. Chama ambacho hakina kingine isipokuwa mfumo wa wingu kingekuwa na foleni ya wakulima mbele ya mizani na skrini inayozunguka tu.

Faida nazo ni za kweli

Nisieleweke kwamba nawaambia mkatae. Daftari la karatasi nalo lina maadui zake: mchwa, mvua, moto, na karani anayeondoka nalo. Lina adui mwingine mkubwa zaidi, ukurasa unaochanwa usiku. Mfumo mzuri unaandika nani ameingiza kilo na saa ngapi, na ukibadilisha namba unaacha alama. Mkulima wa Nkololo akipata ujumbe wa kilo zake kabla hajaondoka kwenye mizani, anabisha pale pale, sio baada ya mwezi 1.

Kwa mfanyabiashara wa choroko na dengu ni vivyo hivyo. Tumeshazoea minada inayoendeshwa mtandaoni kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Serikali nayo, kupitia Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ina mfumo wake wa kusimamia vyama, MUVU. Kwa hiyo kabla ya kulipia mfumo mpya, chama kimuulize kwanza afisa ushirika ni kazi zipi tayari zinafanywa na MUVU, ili msilipe mara mbili kwa kazi moja.

Masharti ya kumpa mtengeneza mfumo

Haya ndiyo mambo ninayoshauri bodi iyaulize, na majibu yaandikwe kwenye mkataba.

Kwanza, akaunti ya jukwaa ni ya nani? Mara nyingi kijana hufungua kwa barua pepe yake na kulipia kwa kadi yake. Akipata kazi Dodoma, mfumo unaondoka naye. Akaunti ifunguliwe kwa jina na barua pepe ya chama, na nywila ijulikane na viongozi wawili walioteuliwa na kikao, siyo mmoja. Viongozi wakibadilika, nywila ibadilishwe siku hiyo hiyo. Jina la tovuti nalo lisajiliwe kwa jina la chama.

Pili, nakala yetu iko wapi? Kila wiki wakati wa msimu, data zote zitolewe kwenye faili la kawaida linalofunguka kwenye kompyuta yoyote, ziwekwe kwenye flashi inayokaa kwenye sefu ya chama, na nakala nyingine kwa mtu mwingine mliyemwamini. Msiambiwe kuwa ni kazi kubwa. Chama chenye wakulima 400, kila mmoja akiuza mara 10 kwa msimu, kinapata mistari 4,000. Mstari mmoja ukiwa na herufi 100, jumla ni herufi 400,000. Hiyo ni ndogo kuliko picha moja mnayopiga kwa simu ya kisasa. Nakala ifunguliwe mbele ya kamati walau mara 1 kwa mwezi na ilinganishwe na stakabadhi chache. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa msiihesabu kuwa nakala.

Tatu, mfumo unahamishika? Muulizeni kama ametumia hifadhi ya data ya aina ya kawaida, kama vile MySQL au PostgreSQL, ambazo wakodishaji wengi wanazipokea, au ametumia ile ya jukwaa hilo peke yake. Gunia la kawaida linaingia stoo yoyote. Programu yenyewe pia, maana yake yale maandishi aliyoyaandika, ikabidhiwe kwa chama pamoja na maelezo ya kuiendesha, ili fundi mwingine aweze kuendelea.

Nne, baada ya bure ni kiasi gani? Majukwaa mengi ya nje hutoza kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilizidi shilingi 2,600. Kwa hiyo huduma ya dola 20 kwa mwezi ilipanda kutoka kama shilingi 46,000 hadi zaidi ya 52,000 bila mwenye jukwaa kugusa bei. Wekeni makadirio ya miaka 3 kwenye bajeti, na mjue ni kadi ya nani inayolipa na inaisha lini. Malipo yakikosekana mwezi mmoja, mfumo unaweza kuzimwa katikati ya msimu.

Tano, mtandao ukikatika kazi inaendeleaje? Programu iweze kuandika kilo kwenye simu ya karani bila intaneti, kisha ipeleke mtandao ukirudi. Na stakabadhi ya karatasi iendelee kutolewa. Vituo vyetu vingine mtandao unapatikana ukipanda kichuguu, na hali hiyo haitabadilika kwa sababu jukwaa ni jipya.

Sita, taarifa za wanachama zinalindwaje? Majina, namba za simu na namba za NIDA ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Sheria hiyo ina masharti kwa anayekusanya taarifa za watu na kwa anayezipeleka nje ya nchi. Bodi iulize chama kinatakiwa kujisajili vipi, na iandike kwenye mkataba kwamba mtengeneza mfumo haruhusiwi kumpa wala kumuuzia mtu mwingine orodha ya wakulima. Orodha hiyo ina thamani kwa wauza pembejeo na wakopeshaji, kwa hiyo msiione kama karatasi tu.

Saba, mkulima anabaki na nini mkononi? Hili ndilo la mwisho na ndilo la kwanza. Mfumo uwe wa wingu au wa daftari, mkulima asiondoke kwenye mizani bila namba yake, kwa karatasi au kwa ujumbe, na iwe na kilo, bei, tarehe na jina la kituo. Mfumo usioweza kutoa hiyo usinunuliwe.

Mfanyabiashara mdogo mwenye programu ya madeni kwenye simu naye ajiulize maswali hayo kwa kipimo chake. Simu ikiibiwa Somanda leo, utajua kesho nani anakudai na nani unamdai? Kampuni ya programu hiyo ikifunga, unaweza kuitoa orodha yako? Kama jibu ni hapana, nunua daftari la kaunta na uandike madeni yote kila Jumapili jioni mpaka upate programu inayokuruhusu kutoa data zako.

Wazee waliomweka mpimaji wao pembeni ya mizani ya mnunuzi hawakumwambia mkulima aiogope mizani. Walimpa namba ya kulinganisha. Kompyuta ya kukodi ni kifaa kizuri, na vijana wetu wanaojifunza kuitumia wanastahili kupewa kazi na kulipwa. Wapeni kazi hiyo kwa masharti haya 7, yasomwe kwenye mkutano mkuu na kuandikwa kwenye muhtasari. Fanyeni hivyo kabla vituo vya kununulia havijafunguliwa, kwa sababu foleni ikishafika mlangoni hakuna mwenye muda wa kusoma mkataba.